Mbegu Hazifuati Mulongo

Masika,

Sitakuuliza kama uko muzima, juu niko nakusikia mu cuisine unacheka na mama yako, na mutu mwenye kucheka vile hapana mugonjwa. Mimi niko hapa ku salo, nimefunga mulango, mama yako anafikiri ninapumzika. Swala ya alasiri imepita, mvua imeanza kupiga ku mabati, na mbele giza ikuje nataka nikuwe nimemaliza hii barua. Nitaiweka mu sac yako, chini kabisa ya nguo, fasi yenye hautafika mbele ya kuvuka mupaka ku Kasindi. Nikikuambia hii maneno na kinywa tutaanza kubishana, unanijua. Ku karatasi angalau hauna namna ya kunijibu.

Mambo ya kula, ya kuvaa, ya kusalimia tante yako Mariamu kila asubuhi, sitaandika. Mama yako anaiimba tangu tuliamuka, na kama bado haujaisikia, basi masikio yako iko na kasoro na tungekupeleka kwa munganga, siyo Kampala. Mimi nataka tuongee juu ya ule muchezo yako ya mu mashine, mu ordinateur. Eeh, ule ule. Usicheke.

Unakumbuka namna ilianza? Mimi ninakumbuka, na hainipendezi. Tulikuwaka Beni, mu commune ya Ruwenzori, mu nyumba yetu wenyewe. Siku kelele ya masasi ilifika ku parcelle ya jirani, nilipakia magodoro juu ya kamio, nikawapakia ninyi juu ya magodoro, nikasema tunaenda Butembo kidogo tu, mambo itulie. Majuma mbili. Ndiyo hesabu niliwapatia, na niliitoa wapi sijui mpaka leo. Tukaingia mu hii nyumba ya batu, chumba mbili, familia ingine ku chumba ya tatu. Mama yako akaniuliza kama anaweza kutundika mapazia yake. Nikasema hapana, juu ya nini kupigilia misumari mu nyumba ya batu na juma ijayo tunarudi? Wewe ukaniuliza juu ya masomo. Nikasema hapana, utasoma ku masomo yako ya Beni, tukirudi. Juma ijayo.

Mwaka nzima ikaisha vile. Batoto ya Butembo banapita ku barabara na uniforme, wewe uko unabaangalia kupitia dirisha yenye haina kitu. Siku moja mama yako alichoka, akatundika mapazia saa mimi niko ku musikiti. Niliporudi nilipanda juu ya kiti nikayatosha, na mikono yangu mwenyewe, mbele ya macho yenu. Angepiga kelele, ningepumua. Aliyakunja tu, akayarudisha mu sac, akaenda kupika ugali. Nilikula ile ugali na ilinikaba.

Donc hiyo mwaka yenye nilikuibia, ndiyo ulipata ule muchezo.

Mbele sikuutaka. Nilifikiri ni ile ya kupigana, yenye batoto banapiga masasi mu kioo, na nilisema masasi tuko nayo ya kutosha inje. Wewe ukaniita: "Papa, kuja uone mbele ya kukasirika." Kioo ilikuwa nyeusi, bure kabisa. Ukamwanga muchanga, ikaanguka ikajipanga. Ukamwanga maji, ikaingia mu muchanga. Ukaleta moto, maji ikapanda juu ikakuwa mvuke, ikapoa, ikanyesha. Hakuna mutu alikuwa anaisukuma. Kila mbegu ndogo, hivi ndivyo niliziita, ilikuwa na sheria yake, inaifuata. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa, hata kama nilikuambia nilikuwa ninachunga tu uso yako isiharibike na mwangaza.

Kisha ukanieleza kama batu ya dunia yote banaweza kutengeneza bintu bipya mu ule muchezo. Mutu anaandika sheria ya kitu yake, namna inaanguka, namna inawaka, anabapatia benzake. Na wewe ulitaka kutengeneza jiwe yenye inaoza yenyewe, polepole, na kutosha moto ya mu ndani. Radioactif. Nikauliza kama ni jamaa ya ile mawe yenye bazungu balichimbaka kule Katanga. Ukasema ndiyo Papa, jamaa yake ya mu kioo.

Shida ilikuwa moja: ioze namna gani? Uliniuliza mimi, mutu mwenye aliacha masomo njiani akashika usukani. "Papa, mbegu gani ipasuke ya kwanza?" Bon, swali nyepesi. Mimi ni mutu wa parking. Ku parking ya Beni, gari yenye imefika ya kwanza ndiyo inapakia ya kwanza, ikijaa inatoka, yenye inafuata inasogea. Tunaita tour. Shofere akiruka tour ya mwenzake, tunamunyanganya ufunguo na tunamutukana mpaka bibi yake anasikia kule nyumbani. Nikakuambia: "Weka tour. Yenye imengoja sana itoke ya kwanza. Hiyo ndiyo haki."

Ukaandika vile, juu ulikuwa mutoto wa kusikia. Kila mbegu ukaipatia hesabu ya kushuka, ikifika ziro inapasuka. Ukazimwanga moja moja, na kweli zikaanza kupasuka kwa mulongo, yenye ilitangulia mbele, yenye ilichelewa nyuma, safi kabisa. Mimi nikapiga makofi. Mama yako akakuja na mwiko mu mukono kuangalia ni nini. Nikamuambia: "Ona, mutoto yako ametengeneza parking!"

Kisha ukasema tupime kujaza sanduku. Ukachora kuta, ukazimwanga zote mara moja. Tukangoja. Hakuna kitu. Tukangoja tena. Hakuna kitu, hata moja haikutikisika. Kisha zote zikapasuka pamoja, pwaa, kioo ikakuwa nyeupe, mashine ikazimika. Ukanigeukia na ile uso yako ya hakimu.

"Papa, tour yako imeua mashine."

Ilipowaka tena ukaonyesha bale batu ya mbali benye munacheza nabo. Moja akajibu kama hiyo hapana radioactif, hiyo ni saa ya kuamusha batu. Nilikasirika! Nikauliza ni nani huyu, anaikala wapi, baba yake anafanyaka kazi gani. Wewe ukaanza kusoma. Siku kadhaa ulisoma, mégas za internet zikiisha unasoma yenye uliandika ku mukono. Kisha ukaniita tena, na hiyo siku sitaisahau.

Ulisema: tunatosha ile hesabu ya kushuka. Kila mara kioo inapepesa, kila mbegu inatupa kete yake, bila kuuliza jirani. Kete ikianguka vibaya, inapasuka. Ikianguka vizuri, inabaki, na mara yenye inafuata inatupa tena, kete ni ile ile.

"Kete?" nikasema. "Kamari? Mu nyumba yangu?"

"Papa, hapana kamari. Hakuna mwenye anakula kitu."

"Sasa nani anajua ni gani itapasuka?"

Ukafikiri. "Mungu peke yake."

"Hapo umejibu vizuri. Mais usimuingize Mungu mu mashine."

Ukacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, juu nilikuwa niko na swali, na swali ilikuwa inanichoma. "Na yenye imengoja sana? Yenye iko pale tangu ulifungua mashine?"

"Papa, haijui kama imengoja."

"Namna gani haijui?"

"Nimetosha fasi ya kuandika imengoja wakati gani. Yenye niliweka asubuhi na yenye nimeweka sasa hivi, ziko sawasawa. Kungoja haiisogezi karibu hata kidogo. Na hapana mimi nimechagua, Papa. Mawe ya kweli iko vile."

Nilikuambia ni upumbavu. Niliamuka nikaenda inje, nikapanda mu kamio, nikafunga kioo. Ulifikiri niko nakasirika juu ya mashine. Masika, haikuwa mashine.

Juu unajua kamio yangu. Kila asubuhi nyuma ya swala niliiwasha, nikaiacha ingurume kidogo, nikaizima. Haikuenda fasi. Ni juu ya batri isikufe, nilisema, juu siku barabara itafunguka nikuwe tayari. Batu ya hapa banakuwaka banaiita saa ya quartier. Bamama banaweka maji ku moto bakisikia. Na mimi bananiita shofere wa parcelle, najua, hata kama bananyamaza nikipita. Kila asubuhi nilikuwa ninahesabu mu kichwa: tumengoja hivi, tumengoja vile, mutu mwenye amengoja namna hii lazima tour yake iko karibu. Ndiyo ilinibeba. Ku barrière ya Beni, siku moja nilipopima kurudi peke yangu kuangalia nyumba, soldat alinisimamisha akasema tu, mu Lingala yake, "Zela." Ngoja. Niliuliza mpaka lini. Akaniangalia kama vile nimemuuliza jina ya mama yake. Nikangoja pale mpaka jua ikageuka, nikarudi Butembo. Hata siku ile nilijiambia: bon, leo tumepunguza siku moja.

Kumbe hatukupunguza kitu. Mutoto yangu, mwenye nilimukatalia masomo, ananiambia na sauti ya pole kama kungoja haina fasi yenye inaandikwa. Hakuna chef de parking. Hakuna mwenye anatuona kama tulifika mbele ya bengine. Nililia mu ile kamio, sasa unajua. Kisha nikarudi nikakuuliza kama kuko sukari.

Ulipomaliza kile kitu chako, ukaipatia jina. Mu ule muchezo majina iko mafupi, herufi ine tu. Nikasoma ku kioo: BENI. Yesu na Mariamu, angesema jirani yetu mukatoliki. Mimi nilisema maneno mabaya kuliko hiyo. Nilikuuliza kama mji yenye ulizaliwa ndani ni kitu ya kuoza, kama hiyo ndiyo heshima nilikufundisha, na ukanijibu na ile neno ya kifaransa, demi-vie. Hapo nilitaka kukupiga. Nusu ya maisha! Nilifikiri unasema juu yetu, juu ya hii nyumba, mulango na kufuli mbele jua ilale, baba mwenye anawasha kamio yenye haiendi. Nilifikiri unaniambia kama unaishi nusu.

"Papa, hapana. Demi-vie ni wakati. Ni ule wakati nusu ya mbegu inatoka na nusu inabaki. Kisha nusu ya yenye ilibaki inatoka, nusu inabaki. Haiishi mbio. Kila mara kuko yenye ilibaki."

"Sasa BENI juu ya nini?"

"Juu batu banatoka moja moja, na hakuna mwenye anajua ni nani kesho. Na kuko benye banabaki."

Mama yako alikuwa anapeta maharagi yake ya Musienene pale chini. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Amesema kweli," na akaendelea kupeta. Mimi nilibaki na hasira yangu peke yangu, haina mutu wa kuipokea.

Kitu kingine ulinionyesha, na hii ndiyo inanisumbua kuliko zote. Ulisema mbegu moja ikipasuka inatupa kimoto, na kimoto ikigonga jirani, jirani naye anapasuka mbele ya wakati yake. Ukiziacha na nafasi, vimoto vinapotea mu hewa, hakuna shida. Ukizibana mu sanduku, moja inapasua mbili, mbili zinapasua zingine, na kuta zinayeyuka. Ulikuwa unatafuta fasi ya katikati: ziwe karibu mpaka zitoshe joto, mais siyo karibu mpaka zichomane. Uliisumbukia majuma na majuma. Unasogeza kuta kidogo, unajaza, inawaka. Unasogeza tena.

Mimi ninaangalia ile sanduku ninafikiri juu ya chumba mbili. Namna nilikuwa ninapiga kelele juu ya sahani. Namna wewe na mama yako mulianza kugombana juu ya ndoo, na mimi kugombana na yule wa chumba ya tatu juu ya radio yake, batu benye habana ubaya hata moja. Nilifikiri tumekuwa batu babaya. Nilikuwa ninaomba ku swala Mungu atubadilishe roho. Kumbe kuta ndizo zilikuwa karibu sana. Najua haisafishi yote nilisema mu zile siku, kuko maneno yenye nilikuambia yenye ningetaka kuyachukua na mukono nirudishe mu koo. Ile siku nilisema kama mashine yako imekufanya mutu wa bure. Haukuwa mutu wa bure. Ulikuwa mutu moja tu mu hii nyumba mwenye alikuwa anatengeneza kitu.

Bon. Sasa tufike ku safari.

Tante yako wa Kampala aliita kitambo. Chumba iko, masomo ya mashine iko, alisema mutume mutoto. Mara ya kwanza nilisema tungoje mvua ipunguke, barabara iko mbaya. Mara ya pili balisikia kitu upande wa Kasindi, nikasema tungoje itulie. Ikatulia. Nikasema tungoje tuone kama imetulia kweli. Tante akanicheka ku simu: "Kaka, unataka barabara ikuandikie barua?" Mara ya tatu hata sababu sikukuwa nayo, nilisema tu moyo yangu haijakubali. Kila mara ulifungua sac, ukarudisha nguo ku kamba, ukakaa ku mashine. Haukulia. Ningependa ulie, ningejua kama bado unanitazamia kitu.

Nitakuambia wazi yenye niko naogopa. Ninaogopa bakuue njiani. Sina namna nzuri ya kuisema. Ninaijua ile barabara, ninajua kona yenye gari inapunguza mwendo, ninajua majani yenye imepanda mpaka ku lami, ninajua rafiki zangu benye balipita asubuhi na habakurudi. Kila mara nilisema ngoja, nilifikiri ninakuweka mbali na ile kona. Nilifikiri kila juma inapita, hatari inazeeka, inachoka. Na wewe ulishanionyesha ku kioo kama haichoki. Kesho ile kete ni ile ya mwaka jana. Na hapa mu nyumba pia inatupwa, kila siku, juu yako na juu yetu, hata kama nimeweka kufuli. Tofauti ni moja: mwenye anabaki anatupa kete na hapati kitu. Wewe angalau utakuwa uko unaenda fasi.

Leo saa sita Kakule, shofere mwenye atakupeleka, alikuja. Ulikuwa kwa rafiki yako kuagana, haukumuona. Alisimama ku mulango na kofia mu mukono, na mimi nikajua.

"Grand, batri ya gari imekufa. Nimezunguka mji yote. Tungoje juma ijayo, nitapata ya Kampala."

Masika, moyo yangu ilifurahi. Ninaandika ile neno vile iko, juu uijue. Ilifurahi kama vile mutoto akiambiwa hakuna masomo. Nilikuwa tayari na uso ya huzuni ya kukuonyesha ukirudi. Nilikuwa tayari na maneno: unaona, si mimi tena, ni batri. Nilisema hata "Bon, basi, Kakule, tutafanya nini..." na neno "juma ijayo" ilikuwa tayari ku ulimi.

Ndiyo ile neno ilinisimamisha. Ilikuwa na ladha yenye ninaijua. Ilikuwa ladha ya ile ugali.

Nikaingia mu nyumba nikatafuta ufunguo ya kumi na tatu, ile ya kufungua bisumari ya gari, nikafungua kamio, nikaanza kufungua batri. Bisumari yake ilikuwa imeshikana, miaka yote hakuna mutu aliigusa, nilijichuna vidole viwili. Mama yako aliniuliza juu ya damu nikamudanganya kama ni kisu. Kakule alisimama nyuma yangu.

"Grand, na kamio yako?"

"Iko inaenda wapi?"

Aliishika upande moja, mimi upande ingine, tukaibeba mpaka ku gari yake. Iliwaka mara ya kwanza. Ile batri iko muzima kuliko mimi, juu kila asubuhi nilikuwa ninaichunga kwa ajili ya safari, na safari ilikuwa yako.

Kakule anakuja kesho mbele ya jua. Nitakuja mpaka ku gari, nitafunga mulango, nitasema Bismillahi. Nikianza kusema kitu kingine, mama yako ameshaambiwa anikanyage muguu. Ni yeye mwenyewe alipendekeza, na alipendekeza na furaha kubwa.

Sasa neno ya mwisho, na hii hapana shauri. Ni amri ya baba yako, na haujawahi kunikatalia amri, hata zile mbovu.

Nitakupigia simu. Ninajijua. Mara ya kwanza nitasema mama yako halali, anakulilia. Pengine itakuwa kweli, pengine ni mimi. Nyuma ya hapo nitasema masomo ya Butembo imekuwa mazuri sasa, kuko na connexion ya nguvu, juu ya nini kupoteza ujana inje. Nitapata ugonjwa, ku mugongo ama ku tumbo. Kisha siku moja nitakupigia na sauti ya furaha niseme Beni imetulia, tour yetu imefika, tunarudi kufungua nyumba, tunakungoja wewe tu. Hautasikia uongo mu ile sauti, juu nitakuwa naamini. Nimeamini kila mara.

Nitakuambia: Masika, mutoto yangu, kuja.

Usikuje. Ukuje siku wewe mwenyewe umetaka, umetoka kule na miguu yako, hakuna mwenye amekuita.

Ni mimi Papa yako, mwenye ataendelea kukuita.